Hesabu Miguu Yote

Napenda kuwasimulia jambo lililonipata mwaka wa tatu, ili mwingine asirudie kosa langu.

Siku ile mwalimu wa biolojia alitugawia mbawakawa, kila mutu wake. Ni wale wadudu weusi wenye ganda gumu mgongoni, tuliowaokota chini ya mawe nyuma ya bweni. Kazi ilikuwa hii: tazama kwa lupu, chora, andika hesabu ya vipingili vidogo vya mwisho wa kila mguu. Mimi nilihesabu mguu wa mbele tu, nikapata 5. Basi nikaandika 5 kwa miguu yote sita, nikaenda zangu kucheza mpira.

Mwalimu akaniita. «Weye, miguu ya nyuma ulihesabu?»

«Ndiyo, Mwalimu.»

«Hesabu tena, mbele yangu.»

Nikahesabu: 4. Nikarudia: 4 tu. Kilasi kizima kimya. Sifuri niliyopewa haikuniuma kama neno lake: «Kukosa hesabu si kitu. Lakini uliandika kitu usichokiona, tena unasema ulikiona. Hiyo njo bongo.»

Kesho yake alitueleza habari ya mbawakawa mwingine. Sisi watoto wa kijiji tunajua ulimbo, namna unavyonasa ndege. Vivyo hivyo, kaskazini mwa Myanmar, utomvu wa mti ulimnasa mdudu mmoja mdogo, wa milimeta 4 hivi. Utomvu ukakauka, ukafukiwa, ukageuka kaharabu, kitu kigumu cha rangi ya asali. Ilikuwa kipindi cha Kretase, miaka milioni 99 hivi iliyopita. Mdudu akabaki mzima ndani, na miguu yake na manyoya yake.

Mwaka wa 2019 wataalamu wa China na Marekani walimwandika kuwa aina mpya, wakamwita Angimordella burmitina. Hawakusema «ni mpya» kwa sababu tu hawajapata kumwona. Walimlinganisha na jamaa zake: mgongo wake wa kupindika, miguu ya nyuma, sehemu za kinywa. Halafu wakaona chembe za unga wa maua zimemshika mwilini. Ingekuwa mimi, ningeandika «nyingi» nikaenda kucheza mpira. Wao waliandika 62.

Na hesabu hiyo ilikuwa na uzito. Chembe zile zilikuwa na mifereji mitatu, kama za mimea mingi inayotoa maua. Kumbe wakati ule mdudu alikuwa anapelekea maua unga wao! Ushahidi wa kazi hiyo ulirudi nyuma kwa miaka milioni 50 hivi.

Lakini lililonigusa zaidi ni hili: kipande kile cha kaharabu kimewekwa katika chuo cha uchunguzi kule Nanjing. Mwenye mashaka aende akahesabu mwenyewe. Yaani waliandika wakijua kwamba siku moja mutu atawaambia: «Hesabu tena, mbele yangu.» Mimi sikuandika hivyo.

Wazee husema: njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye meza ya mwalimu. Jioni ile nilirudi na lupu, nikachora miguu ya nyuma upya, kipingili kwa kipingili. Hakuna aliyenipa pointi. Kaye ile ningali nayo, na sifuri yake.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano