Kocha wa timu isiyo na nyumbani

Florent Ibenge hakuwa mchezaji wa jina kubwa. Alicheza Ufaransa, madaraja ya chini. Alipokuwa kocha, Leopards ilipata nafasi ya tatu CAN 2015, na mwaka 2016 ikaleta kombe la CHAN kutoka Kigali.

Mimi namheshimu zaidi kwa jambo lingine. Vita ilipoanza Sudan, Aprili 2023, timu yake Al Hilal ilikimbia Omdurman. Ilipokea wageni Dar es Salaam, kisha Mauritania. Mwaka 2025 ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, bila kurudi kwao.

Wazazi mliokimbilia hapa Salamabila, msingoje kurudi kijijini ndipo watoto wacheze na kufundishwa. Vita inachelewa, lakini mtoto anakua.