Rula Tatu za Mvule

Mashine ya randa tuliyoifufua hapa Butembo ilikuwa imekaa miaka mingi nyuma ya ghala, chini ya mabati, kibao chake cha jina kimefutika. Wazee wanasema ilikuja wakati wa Wabelgiji. Sina sababu ya kuwabishia, maana beringi zake si za gololi. Ni zile za zamani, zilizomiminwa kwa mchanganyiko laini wa bati, antimoni na shaba aliobuni Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839. Zikilika, huendi dukani kutafuta nyingine. Unayeyusha, unamimina upya.

Kazi hiyo ndiyo kila mtu alitaka kuitazama. Mhimili unapashwa moto, kisha unafukizwa kwa moshi wa kibatari mpaka uwe mweusi, ili madini yasiung'ang'anie. Halafu unachovya kijiti kwenye sufuria: kikigeuka hudhurungi bila kushika moto, mimina. Ngoma ya visu tuliibadilisha bila majuto. Ilikuwa ya pembe nne, aina inayomeza vidole, na ukale wa kitu si sababu ya kukivumilia. Lakini kazi iliyonichosha haikuwa na moto wala watazamaji: kujua kama meza za mashine zimenyooka.

Meza ni mbili, na ngoma iko katikati. Ubao unaingia juu ya ya kwanza, unakatwa, unapokelewa na ya pili. Meza hizo zikikosana hata kwa unene wa karatasi, kila ubao wa libuyu utatoka na kasoro ileile. Basi inatakiwa rula ndefu iliyonyooka kweli. Rula ya sokoni nilipoigeuza ilinieleza kinyume cha ilivyosema mwanzo. Sasa rula utaipima kwa nini, kama huna rula?

Jibu ni la zamani. Mwingereza Joseph Whitworth alilieleza mbele ya wanasayansi huko Glasgow mwaka 1840, akizungumzia sahani za chuma, na kwa mbao linafaa vilevile. Tengeneza tatu. Sisi tulichukua mvule iliyokauka vizuri. Ukiwa na rula mbili tu, zinaweza kushikana bila mwanga kupenya, na zote zikawa mbovu: moja imevimba katikati, nyingine imebonyea kiasi hichohicho. Zinapatana kabisa. Lete ya tatu, uirande mpaka ishikane na ile iliyovimba, nayo itabonyea. Sasa zikutanishe hizo mbili zilizobonyea. Mwanga utauona katikati, na hapo ndipo unajua kosa liko wapi. Unaparua kidogo, unabadilisha jozi, unaparua tena, mpaka kila moja ipatane na kila mwenzake.

Nikiwa katika kuparua huko ilinijia miaka ya ebola. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kitovu chake Mangina, karibu na Beni. Ukafika kwetu, na haukutangazwa kwisha hadi 25 Juni 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Miezi ya kwanza, mazungumzo mbele ya atelie yalikuwa laini ajabu. Mmoja alisema ugonjwa ni biashara ya wakubwa, wa pili akaitikia. Uchaguzi wa Desemba ulipoahirishwa Beni na Butembo, ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu, tukaona ushahidi umetimia. Na wale wa timu za kupambana na ebola waliopita na misafara ya magari, nadhani jioni nao walipatana vivyo hivyo kwamba sisi ni wakaidi. Kila upande ulishikana na wake, mwanga haukupita.

Kisha akaja mama mmoja kuagiza kitanda. Alikuwa ameugua akapona, na sasa alilea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Hakusema maneno yetu, wala ya wenye magari. Alikuwa bado na hasira na waliomchukua nyumbani bila kumweleza kitu. Na ugonjwa upo, baba zangu, alisema, nimelala nao. Sidhani kwamba tulimwamini siku ile. Ila tangu hapo mazungumzo ya pale mlangoni hayakukaa sawasawa tena.

Tumezoea kumwita wa tatu mwamuzi. Rula ya tatu haiamui lolote. Inaanza mbovu kama wenzake na inaparuliwa kama wao. Inachofanya ni kuyavuruga mapatano ya wawili, na bila vurugu hiyo huna pa kuanzia.

Mashine inafanya kazi sasa, na habari zimefika hadi Beni. Fundi mmoja wa huko alikuja kuazima rula, akataka ile iliyonyooka kuliko zote. Hakuna, nilimwambia, abebe tatu au aache. Na akifika azipime upya kabla ya kuzitumia, kwa sababu zimezoea baridi na ukungu wa huku juu, na joto la Beni litazigeuza. Alinung'unika kwamba pikipiki haina nafasi, kisha akaomba kamba.