Wazazi Wako Wako Njiani

Milepa, Bonde la Rukwa
Juni

Mwanangu,

Huku hatujambo. Mguu wa bibi yako ni uleule, mpunga tunamalizia kuvuna, na dada yako wa Mpanda amejifungua salama mtoto wa kike. Mengine utayasikia kwa wazazi wako, kama utakubali kukaa nao kitako wakusimulie.

Hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Nasikia umewapigia simu ukawaambia wakifika Dar es Salaam wasije moja kwa moja kambini. Umewatafutia gesti Mwenge, utawafuata Jumapili mle chakula cha mchana, Jumatatu wageuze. Na ile Noah umesema ibaki hukohuko gesti. Mama yako hakuniambia mimi, alimwambia wifi yake mwingine, na huyo tangu azaliwe hajaweka siri. Kama si kweli, chana karatasi hii uendelee na kazi za taifa. Kama ni kweli, soma mpaka mwisho. Kwenye simu wewe hujibu "sawa, shangazi" halafu unafanya lako, ndiyo maana nimeandika. Anayekuletea ni kijana wa jirani anayepanda basi kesho pale Sumbawanga, atakufikia kabla yao.

Najua yanayosemwa kuhusu hiyo Noah, hata mimi nimeyasema. Mtu anastaafu ualimu, anapata kiinua mgongo, kijiji kizima kinangoja anunue mashine ya kukoboa mpunga, yeye anarudi na gari, anang'oa viti vya nyuma, anatandika godoro na kufunga neti ya mbu, anapakia mtungi mdogo wa gesi na dumu la maji, kisha anamwambia mkewe waende wakawaone watoto. Hapo nami nina langu. Mabati ya nyumba anayolala akiwa hayuko safarini yalitoka kwenye kiinua mgongo changu mimi, na asante sijaisikia hadi leo. Lakini tuyaache. Wamekwenda Mpanda kwa dada yako, wamekwenda Mbeya kwa kaka yako, usiku wanaomba kuegesha kwenye uwanja wa parokia, asubuhi wanasali misa ya kwanza, wanachemsha chai, wanaendelea. Hawajamwomba mtu nauli wala kitanda. Watoto wao wengine wamewapokea. Umebaki wewe.

Na wewe ndiye safari yenyewe. Wataondoka Jumanne alfajiri, wapande mlima wa Lyamba lya Mfipa kabla injini haijachemka. Mama yako ameshatenga masweta, maana ukitoka kwenye joto la huku bondeni ukafika kule juu Ufipa mwezi huu, baridi inakupokea mlangoni. Halafu Laela, Tunduma, Mbeya, Makambako, Iringa. Baada ya Iringa baba yako amepanga kusimama Lugalo, kile kijiji cha barabarani, amwonyeshe mama yako mahali ambapo watu wa Mkwawa waliwamaliza askari wa Mjerumani Zelewski tarehe 17 Agosti 1891, kwa sababu kambi ya mwanawe imepewa jina la hapo. Kijiweni huku amewachosha watu. Anawaeleza kwamba enzi za Mwingereza kambi yako iliitwa Colito, kwa ajili ya vita vilivyopiganwa Ethiopia, na kwamba maasi ya Januari 1964 yalianzia humohumo, na Septemba mwaka uleule likaundwa JWTZ. Wazee wanasinzia, yeye anaendelea. Mtu wa namna hiyo, mwanangu, ndiye unataka alale gesti Mwenge asilione hata geti.

Sasa nikueleze jambo ambalo baba yako hatakueleza.

Mwaka 1977, mwaka ule CCM ilipozaliwa, baba yako mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa askari katika kambi moja ambayo sitaitaja. Tangu amalize mafunzo alikuwa hajarudi nyumbani. Babu yako akasema kama mtoto hana likizo, sisi tunayo. Mpunga ulipoingia ghalani tukapanda mlima kwa miguu, yeye na bibi yako na mimi, binti wa miaka 15 ambaye kazi yangu ilikuwa kubeba jogoo. Sumbawanga tukapata lori la mahindi hadi Tunduma, tumekaa juu ya magunia, vumbi hadi kwenye kope. Kutoka hapo tukapanda treni ya TAZARA, wakati huo bado mpya. Bibi yako alikuwa na unga wa ulezi na kambale wa kukausha kutoka Ziwa Rukwa. Kambale wale walinukisha behewa zima hata watu wakahama, sisi tukalala tumejinyoosha.

Tukafika getini. Bibi yako akapiga goti kwenye changarawe, akapiga makofi taratibu, kama tunavyosalimiana Ufipa. Mlinzi akacheka, wala si kwa ubaya, alikuwa kijana hajawahi kuona. Kaka akaitwa. Akaja na wenzake wawili, kombati imepigwa pasi, mkunjo wa suruali ungeweza kukata ndizi. Akatutazama, macho yakashuka yakasimama kwenye miguu ya babu yako. Babu yako alikuwa amevaa katambuga, tairi la lori, uzi wa waya umechomoza karibu na kidole gumba. Mlinzi akafungua kitabu cha wageni. Jina. Mnakotoka. Uhusiano. Kabla sisi hatujafungua mdomo, kaka akajibu upesi: "Majirani. Wazee wa kijijini kwetu."

Mlinzi akaandika. Babu yako alikuwa amesoma hadi darasa la nne kwa mapadri, na alikuwa hapiti karibu na maandishi bila kuyasoma, hata gazeti lililofungiwa sukari. Akainamia meza akasoma kinyumenyume kutoka upande wetu. Niliiona midomo yake ikitamka herufi. Kisha akanyooka, akampa kaka mkono, akasema, "Ahsante, jirani. Tumekuja kukusalimu."

Tulikuwa tumekusudia kukaa wiki. Kesho yake tulikuwa kwenye treni. Jogoo alibaki.

Oktoba 1978 Amin akaingia Kagera, na baba yako mkubwa akawa miongoni mwa waliovuka mpaka wakaenda hadi Kampala, ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Alirudi mzima. Akaja Milepa na redio na blanketi zito, kijiji kizima kikatoka kumpokea. Babu yako akamwekea kigoda cha wageni, akasema, "Karibu, jirani." Watu wakadhani ni utani. Haukuwa utani. Siku ya kwenda kuposa, wenyeji walipomwomba ajitambulishe, babu yako alisema yeye ni jirani wa bwana harusi, wakwe wakataka kutufukuza, ikabidi baba mdogo aeleze. Hakuwahi kumgombeza wala kumnyima chakula. Kila kaka alipoleta kitu alishukuru vizuri sana, kwa adabu zote za Kifipa, kama unavyomshukuru mtu baki. Alipougua kaka alimpeleka hospitali na kulipa kila kitu. Mzee akawaambia waliomzunguka, "Mwambieni jirani nimeshukuru." Akafa hajalibadilisha.

Kaka aliniambia mwenyewe, mwishoni mwa maisha yake, kwamba vitani kule Masaka walipigiwa mizinga usiku kucha na haikumuuma kama neno lile. Nikamuuliza kwa nini alisema majirani. Akasema, ni zile katambuga. Basi. Hakuwa na chuki na mtu, aliona aibu ya dakika moja mbele ya vijana wawili ambao hata majina yao alikuwa ameshayasahau.

Utasema gesti si sawa na hayo. Mbele yangu labda si sawa. Lakini baba yako wakati ule alikuwa mtoto wa miaka 13, amekulia katika nyumba ambamo kaka yake mkubwa anaitwa jirani na baba yake mzazi. Maneno ya kupakwa asali kuhusu gesti nzuri yenye feni na maji ya bomba ameshayaelewa kabla hujakata simu. Mama yako anasema tangu siku hiyo amekuwa akiiosha Noah kila jioni. Haijawahi kuoshwa vile tangu inunuliwe.

Nakubali kambi ina sheria zake. Kama wageni hawaruhusiwi kulala kota, nenda kwa mkubwa wako ukaombe ruhusa kwa adabu. Najua mnaomba ruhusa hata kwa ajili ya Simba na Yanga. Ukikataliwa, gesti ni halali, ila nawe uombe ruhusa ya kulala nje na ulale hukohuko nao. Upande wao nimeshafanya kazi yangu. Baba yako ana kofia ya mabakamabaka aliyoinunua mnadani, nimemnyang'anya, iko kwenye sanduku langu, maana raia kuvaa nguo za namna ya jeshi ni kosa na yeye angeivaa hadi getini. Nimemwonya pia asipige picha. Mama yako sikumwonya kitu. Atapiga goti na atapiga makofi, na wewe utasimama pembeni yake hadi amalize salamu zake. Mlinzi akikufungulia kitabu, wewe ndiye utakayejaza: baba mzazi, mama mzazi.

Na kama kuna mtu kwenye kota yako ambaye hutaki tumjue, hilo nalo nimelisikia. Mwambie achemshe chai, umtambulishe. Mama yako hakuja kukagua.

Lipo jingine, wewe hukulitaja bali mama yako amelishika kwa sauti yako: ile "safari ndefu ya kazi" ya baadaye mwaka huu. Sikuulizi ni wapi. Mambo ya jeshi yabaki jeshini. Lakini redio tunasikiliza, tunajua vijana wetu wako Jamhuri ya Afrika ya Kati, tunajua walikuwa Darfur, tunajua Kongo. Desemba 2017 nilikuwa bado nafundisha, tukasikia habari ya Semuliki kule Beni, tarehe 7, wanajeshi wetu wasiopungua 14 wameuawa usiku mmoja kwenye ulinzi wa amani. Mwalimu mwenzangu mmoja alikuwa na mdogo wake kule. Alikaa ofisini siku nzima ameshika simu, hakusahihisha daftari hata moja, hadi ilipolia jioni na ikawa ni mdogo wake mwenyewe anayepiga. Sikutabirii mabaya. Babu yako angekuwa na wiki yake nzima na mwanawe mwaka ule, mwaka uliofuata vita vingemkuta ameshiba mazungumzo. Hakuipata, kwa sababu ya viatu. Wewe unataka kuwapunja wazazi wako Ijumaa na Jumamosi nzima kwa sababu ya gari lenye godoro.

Kabla hujaondoka, hakikisha majina ya warithi wako yameandikwa sawasawa. Mikopo ya simu iogope. Kubeti acha, nimesikia. Pombe sikukatazi, babu yako alikunywa kimpumu kwa mrija hadi alipozeeka, ila hakuwahi kuinywa akiwa na mtumbwi wa kuendesha. Kanisani nenda.

Tena usisahau uliingiaje huko. Nauli yako ya kwenda JKT ilitoka kwenye magunia mawili ya mpunga wangu, baba yako akiwa anangoja mshahara. Sidai. Nakumbusha tu kwamba nina haki ya kuandika barua ndefu.

Kwenye Noah wamekupakilia mchele, maharage ya Ufipa kutoka kule juu, na kambale, bibi yako amesisitiza kambale. Wenzako wakilalamika harufu, wagawie, wataacha kulalamika. Mfuko mmoja wa mchele, ule wenye alama ya kalamu nyekundu, ni wa mkubwa wako wa kazi. Mpelekee huku baba yako amesimama pembeni, apate kusema mwenyewe kwamba yeye ndiye baba yako. Amelifanyia mazoezi.

Mpango wao ni kulala Mbeya, Iringa na Morogoro, kuingia Dar Ijumaa jioni. Baba yako hajui njia za huko na hatakubali kuuliza. Omba ruhusa mapema, ukawasubiri Mbezi pale kituo cha mabasi cha Magufuli, uingie kwenye Noah, ukae mbele, uwaongoze hadi nyumbani kwako. Simu ya baba yako haikai na chaji. Piga ya mama.

Shangazi yako