Alfajiri ya Jukwaani

Nuru ni kitu ambacho mtu hukitumia kila siku asikitazame. Tunaona mlima, bahari na uso wa rafiki. Kile kinachotuwezesha kuviona hatukihesabu mpaka kitutoke. Mtu aliyepewa kazi ya kuwasha taa za jukwaa hana ruhusa ya kughafilika hivyo. Hana budi aitazame nuru yenyewe: inatoka upande gani, ina rangi gani na, zaidi ya yote, inakuja kwa mwendo gani. Kwa miaka kadhaa nimeifanya kazi hii katika michezo ya wanafunzi, bila ya ujira ila furaha yake, na katika insha hii nataka kueleza jambo moja ambalo nilifundishwa kwa aibu. Jambo hilo ni kuwa kupanga wakati si sawa na kungoja wakati.

Hapo kale taa za jukwaa ziliendeshwa kwa mkono. Mwaka 1881 jumba la Savoy Theatre katika London lilikuwa la kwanza miongoni mwa majumba ya umma kuangazwa lote kwa umeme, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu walisimama nyuma ya jukwaa wameshika vipini, kila kipini na taa zake. Mchezo ulipotaka jioni, vipini viliteremshwa polepole pamoja, na walioviteremsha walisikilizana wao kwa wao na kuwasikiliza waigizaji. Mwaka 1975, katika New York, taa za mchezo wa A Chorus Line zilizobuniwa na Tharon Musser ziliendeshwa kwa kompyuta, jambo ambalo halikuwa limetokea bado katika majumba ya Broadway. Tangu hapo mashine ilianza kukumbuka kwa niaba ya mkono. Mwaka 1986 mafundi wa michezo wa Marekani walikubaliana juu ya lugha moja ya kusemea na taa, ambayo waliiita DMX512, na mpaka leo taa nyingi za jukwaani huamriwa kwa lugha hiyo.

Lugha yenyewe ni nyepesi kuliko jina lake. Waya mmoja hubeba njia 512, na kila njia hubeba namba moja tu, kutoka 0 mpaka 255. Sifuri ni giza. 255 ni ukomo wa mwanga. Taa yenye nyekundu, kijani na buluu huchukua njia tatu, na kutokana na namba zake tatu hupatikana rangi ya machungwa, ya moshi au ya maji ya kina. Namba zote hupelekwa upya kiasi cha mara 44 kwa kila sekunde. Taa haijui kama ni jioni au ni asubuhi, kama ni arusi au ni matanga. Inajua namba iliyopewa, basi.

Anayezipanga namba hizo hutumia programu ya kompyuta. Ziko programu za thamani kubwa, na ziko za bure kama QLC+, ambayo mwanafunzi yeyote aweza kujifunza nayo. Kwanza hutengeneza mandhari, yaani hali moja ya taa zote, na kuihifadhi kwa jina. Kisha huzipanga mandhari moja baada ya nyingine, na huo ndio mfuatano. Kila hatua ya mfuatano hupewa nyakati tatu: wakati wa kukolea, wakati wa kukaa na wakati wa kufifia. Mfuatano waweza kupita mara moja ukakoma, au ukazunguka bila kikomo, au ukaenda na kurudi. Mathalani, katika ngoma, taa nane zilizopangwa kwa safu huweza kuwaka zamu kwa zamu, kila moja kwa robo ya sekunde. Watazamaji huapa kuwa mwanga umekimbia kutoka ukingo huu wa jukwaa mpaka ule, hali hakuna taa hata moja iliyosogea. Kila moja imewaka na kuzimika mahali pake. Ndivyo lilivyo na wimbi la bahari: maji hupanda na kushuka, na kinachosafiri ni umbo.

Mchezo uliotungwa na wanafunzi mwaka ule haukuwa wa ngoma. Ulikuwa juu ya mzee aliyekesha pwani akimngoja mwanawe, ambaye aliondoka na ngalawa wala hakurudi. Mzee anazungumza na giza mpaka kunapambazuka, na mwanga unamwonyesha kile ambacho usiku ulimficha: kasia lililovunjika, limetupwa na maji. Hapo mchezo unakwisha. Mwongozaji aliniomba nimpe alfajiri ya kweli. Nilijivunia ombi hilo kupita kiasi, na majivuno ndiyo aghalabu humfungulia mtu mlango wa makosa.

Nilikwenda ufuoni mbali na taa za mji, nikaketi tangu saa kumi ya usiku na daftari na saa. Wanavyuoni wametufundisha kuwa alfajiri ni mbili. Ya kwanza ni alfajiri kadhibu, mwanga mwembamba unaosimama wima juu ya upeo, ambao waliufananisha na mkia wa mbwa mwitu. Elimu ya nyota inasema kuwa huo ni mwanga wa jua unaogonga vumbi lililotapakaa baina ya sayari. Ya pili ni alfajiri sadiki, weupe unaojitandaza mlalo, kusini na kaskazini, na ambao haurudi nyuma. Niliziona zote mbili. Niliandika dakika zake na rangi zake: kijivu, buluu iliyopauka, waridi kidogo, kisha njano kama ya ganda la embe linaloanza kuiva.

Nilirudi nikaanza kujenga. Nyuma ya jukwaa tulitundika pazia jeupe, na chini yake nikapanga taa kumi na mbili za LED. Hatua ya kwanza ilikuwa taa mbili tu za katikati, zikitupa mwanga mwembamba kwenda juu. Ya pili ilizififisha mpaka watazamaji wadhani macho yao yamewadanganya. Kutoka ya tatu mwanga ulianza kutanda pande zote mbili. Nilipojaribu, alfajiri yangu ilipanda kama mtu mwenye gongo. Sababu yake ilikuwa ya hesabu. Taa za nyuma nilizitaka zipande kutoka 0 mpaka 60 kwa dakika 4. Dakika 4 ni sekunde 240. Basi kila namba ilikaa sekunde 4, ndipo ikaruka kwenye namba ya pili. Katika mwanga mkali jicho halitambui tofauti ya 200 na 201, lakini katika giza, kutoka 2 kwenda 3 ni kuongeza nusu nzima ya kilichokuwapo, na jicho huona kidato kama cha ngazi. Taa za zamani zenye uzi wa moto zilisitiri kosa hili, kwa kuwa uzi huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa. Taa ya LED hutii papo hapo, na utiifu wake hufichua kila kilema cha amri.

Ziko taa zinazotumia njia mbili kwa mwanga mmoja, na hizo zina vidato 65,536. Sisi hatukuwa nazo. Nilichofanya ni kuzichelewesha taa zile kumi na mbili zisipande kwa pamoja. Moja iliporuka, nyingine ilikuwa katikati ya subira yake, na vidato vyao vikasitiriana kama makuti ya paa. Kazi hiyo ilinichukua siku tisa za jioni. Mwisho nilikuwa na mfuatano wa hatua tisa, urefu wake dakika 4 na sekunde 40, unaoanzishwa kwa kitufe kimoja. Maneno ya mzee niliyapima katika mazoezi matatu, nayo yalikaribiana sana na kipimo hicho. Niliona kuwa nimemaliza.

Aliyeigiza mzee hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mzee wa mtaani, aliyevua samaki miaka mingi kabla magoti hayajamkataza, na wanafunzi walimwomba kwa ajili ya sauti yake. Usiku wa kwanza ukumbi ulijaa. Nilibonyeza kitufe mahali pake, na alfajiri kadhibu ikachomoza nyuma yake taratibu, hata nikasikia watu wakivuta pumzi. Nikaegemea kiti. Mzee akafika katikati ya maneno yake, mahali anapolitaja jina la mwanawe. Alilitaja, akanyamaza.

Katika mazoezi alinyamaza pumzi moja. Usiku ule aliendelea kunyamaza. Hakuwa amesahau, mtu aliyesahau huangaza macho huku na huko, na yeye alikuwa ametulia, uso ameuelekeza kwa watazamaji, ambao kwake walikuwa ndio bahari. Ukumbi mzima ulikuwa kimya pamoja naye. Sijapata kuona kimya kama kile katika mchezo wa wanafunzi. Na nyuma ya kimya kile jua langu lilikuwa linapanda. Saa ya kompyuta ilihesabu sekunde 10, ikahesabu 20, ikafika 35. Sikuwa nimeweka mahali pa kuusimamisha mfuatano. Kuukatiza kulikuwa ni kuzima taa zote na kumwacha gizani. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, mzima, nami sikuwa na kazi ya kuupa.

Taa ya hatua ya saba ikawaka juu ya kasia. Watazamaji waliliona kabla yake. Alipoanza tena kusema, aliuomba usiku umrudishie mtoto wake, na usiku haukuwapo. Jukwaa lilikuwa jeupe kama saa nne ya asubuhi. Alilisihi giza mchana. Upande wa nyuma watu wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya, ila kama mtu anavyocheka jambo lisipolingana. Mzee aliendelea mpaka neno la mwisho bila kuharakisha, akageuka, akalitazama kasia ambalo kila mtu alikuwa amekwisha kulizoea.

Baadaye nilimfuata nyuma ya jukwaa. Nilisema, “Shikamoo, mzee. Nimekuja kukuomba radhi. Nimekuharibia.”

“Marahaba, mwanangu,” alijibu. “Hukuniharibia. Jua lako lilikuwa na haraka tu.” Alikuwa anajifuta unga wa usoni kwa kitambaa. Kisha akaniuliza, “Niliponyamaza, uliniona?”

“Nilikuona, mzee.”

“Basi kama uliniona, mbona hukuningoja?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Ningeweza kumweleza habari za hatua tisa na sekunde 280, na maelezo yote yangekuwa kweli, wala yasingekuwa jibu. Hakuniambia alikumbuka nini pale alipolitaja jina lile, nami sikuuliza. Mvuvi wa zamani ana majina yake mwenyewe.

Usiku huohuo niliukata mfuatano wangu vipande vinne. Kila kipande nilikimalizia mahali ambapo nuru yaweza kutulia bila kuonekana imekwama, kama kupambazuka kulivyo kabla ya jua, ambako huweza kuonekana kumesimama. Ndani ya kipande mashine iliendelea na kazi yake ya kupanda vidato visivyoonekana. Baina ya kipande na kipande iliningoja mimi, nami nilimngoja mzee. Taa ya kasia niliitoa kabisa katika mfuatano, nikaiweka peke yake chini ya kidole changu. Usiku wa pili alipolitaja jina alinyamaza tena, kwa muda mfupi kuliko jana. Nilimtazama mabega. Yaliposhuka nilibonyeza, na weupe ukaanza kutanda naye akaanza kusema. Hakuna aliyejua katika ukumbi kuwa jua lilikuwa limesimama. Usiku wa tatu hakunyamaza ila pumzi moja. Hapo nilifahamu kuwa kipimo nilichokichukua katika mazoezi kilikuwa sahihi kwa mazoezi, wala hakikuwa kipimo cha mtu.

Yamkini msomaji atasema kuwa dawa ni kuiacha mashine na kurudi kwenye vipini. Mimi sisemi hivyo. Hakuna mkono uwezao kupandisha taa kumi na mbili kwa dakika nne, kila moja na mwendo wake, usiku tatu mfululizo bila ya kutetemeka. Tena yako mambo jukwaani ambayo yanaijua saa yake, kama mapigo ya ngoma, umeme wa radi na moto wa jikoni unaochezacheza, na hayo ni haki yaachiwe mfuatano, kwani mashine huyatunza vizuri kuliko sisi. Walakini penye mtu anayetafuta neno, au anayelikimbia, umbo la nuru laweza kuandikwa mapema, na saa ya nuru haiwezi. Alfajiri kadhibu si kitu kiovu. Nayo ni nuru, na imetoka kwa jua. Aila yake ni kutangulia tu, na anayeifuata hujikuta amewahi kabla ya wakati.

Nimelifikiri mara nyingi swali la mzee yule. Jua la mbinguni halimngoji mtu. Humchea aliyefiwa kama linavyomchea bwana arusi, na mara ngapi wavuvi wamesimama ufuoni wakitamani usiku uzidi kidogo, ili wasione bado kile ambacho asubuhi itawaonyesha. Jua haliwasikii, wala si wajibu wake kuwasikia. Jukwaa ni miongoni mwa mahali pachache palipo na jua liwezalo kungoja. Tukilinyima hata jua hilo subira, nani tena atamngoja mwenye huzuni amalize kusema?