Chukudu za Kibumba: kushuka ni rahisi, kupanda ni kundi

Wenye kuishi kandokando ya barabara ya Rutshuru wanajua kelele hiyo: magurudumu ya mbao yakikimbia juu ya lami wakati jua halijatoka vizuri. Ni watu wa chukudu, wanateremka kutoka Kibumba mmoja nyuma ya mwingine, wanapita Kibati, Kanyaruchinya na Munigi mpaka kuingia Goma. Njia inazidi kilometa 20. Wamebeba kabichi, viazi, mbao, makala. Mgeni akiwaona anaweza kusema ni mchezo: vijana juu ya ubao, upepo unapiga mashati, mguu mmoja nyuma unakanyaga kipande cha mpira wa gari. Kipande hicho ndicho freni. Hakuna nyingine.

Chukudu inajulikana Goma tangu siku za Zaire. Ni mbao ngumu, magurudumu mawili yaliyovikwa mpira ili yasiishe haraka, mti wa kushikilia mbele, na mahali pa kuwekea goti. Inaweza kubeba mamia ya kilo. Siku bei ya mafuta inapanda, mwenye chukudu hana la kuuliza kwenye kituo.

Lakini safari haiishii sokoni. Kisha kuuza, lazima kupanda kurudi nyumbani, na ni hapo kazi inaonekana. Chukudu tupu mtu anaisukuma mwenyewe, hata ikiwa nzito. Ikiwa na chumvi, bidoni za mafuta au mabati ya nyumba, mmoja anavuta mbele, wawili wanasukuma nyuma, na mwingine anatembea na jiwe mkononi, tayari kuliweka chini ya gurudumu wakitaka kupumua. Jiwe halikosekani, Nyiragongo imeyamwaga kila mahali. Wakifika juu ya mlima, wanarudi chini kuchukua mzigo wa mwenzao. Kwa hiyo mlima mmoja, mtu anaweza kuupanda mara mbili au tatu kwa siku moja.

Mji ulimjengea mtu wa chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu, ambayo rais Joseph Kabila aliizindua mwaka wa 2009. Ni nzuri, na watu wanapenda kupiga picha pale. Ila mtu yule yuko peke yake. Barabarani, aliye peke yake na mzigo kwenye mlima wa Kibati hafiki mbali.

Barabara hii yenyewe imekatwa zaidi ya mara moja. Tarehe 22 Mei 2021 moto wa volkano uliipita juu, na watu wakavuka kwa miguu juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto. Mwisho wa mwaka wa 2022 vita vikafika Kibumba. Chukudu hazikushuka na kabichi tena. Zilishuka na magodoro, sufuria, wazee wasioweza kutembea, watoto wameketi juu ya nguo. Wengi waliishia Kanyaruchinya, chini ya mlima waliozoea kuupanda kila jioni, na sasa ulikuwa umefungwa. Kambini chukudu ilibeba maji na kuni za wengine. Mzigo wa mwenyewe ulikuwa umebaki shambani.

Mwezi wa pili wa mwaka wa 2025, kambi zilipovunjwa, mahema yalipakiwa na mlima ukapandwa tena. Ambaye kundi lake la zamani lilikuwa limetawanyika, alipanda na watu wa nyumba yake: baba mbele, mama na watoto wakubwa nyuma. Kiazi kinaomba miezi mitatu au minne udongoni, na kwanza mbegu zipatikane. Kabla ya hapo, aliyetaka kushuka Goma na chukudu yake ilibidi atafute mzigo wa mtu mwingine.