Majina Gizani

Bibi aliamka kabla ya majogoo. Najua, kwa sababu nililala naye kitanda kimoja, mimi upande wa ukutani, na kila alfajiri nilisikia kitanda kikilia, kisha nyayo zake zikipapasa sakafu ya udongo kutafuta kandambili. Taa hakuwasha. Ilikuwa mwaka 1984, nyumbani Machame, na mafuta ya taa yalipatikana kwa foleni. Kibatari chetu kiliwashwa jioni tu, kwa muda wa kula na kusoma sura moja ya Biblia, kikazimwa. Sala ya asubuhi ilikuwa ya gizani. Bibi aliketi kwenye kigoda karibu na mafiga, kijiti mkononi, akichokoa majivu kutafuta kaa lililobaki la jana.

Alianza na Zaburi ya 121, ambayo hakuhitaji kuisoma popote. Ni ile ya mtu anayeitazama milima na kujiuliza msaada wake utatoka wapi. Utotoni nilidhani imeandikwa kwa ajili yetu sisi watu wa Kilimanjaro. Kukipambazuka, ukisimama mahali ambapo migomba imeachana, unaiona Kibo imekaa juu ya kila kitu, nyeupe, kimya. Siku moja nilimwambia Bibi hivyo. Akanishika kichwa, akasema, "Usiishie hapo kwenye mlima, mama. Endelea mbele. Mlima nao umeumbwa."

Baada ya zaburi yalikuja majina. Aliwataja watoto wake saba kwa kufuatana walivyozaliwa, pamoja na yule aliyezikwa akiwa mchanga kihambani, yaani kwenye shamba letu la migomba. Akaja kwa wakwe, wajukuu, mwinjilisti wetu, mgonjwa wa nyumba ya tatu, na kijana aliyekwenda Arusha akanyamaza. Hakuwaombea maneno mengi. Mara nyingi lilikuwa jina tu, kisha kimya cha pumzi moja, kisha jina lingine. Mimi nilisubiri langu. Nilikuwa wa kumi na nne. Likishatajwa, niliweza kusinzia tena kidogo kabla hajaniita tukakate majani ya ng'ombe.

Utaratibu huo haukuanzia kwake. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, wakaja na Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, kitabu cha mwaka 1529 kilichoandikwa ili baba au mama wa kawaida aweze kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Mle ndani kuna sala ya kuamka na sala ya kulala, na kuna agizo ambalo watu wengi hulipita: ukishasali asubuhi, nenda kazini kwa furaha, ukishasali usiku, lala mara moja. Mama yake Bibi alikipokea kitabu, Bibi akapokea kutoka kwa mama yake. Akisema Amina, mkono ulikuwa tayari umeshika mundu.

Kuelekea mwaka ule wa 1984 mvua za vuli zilikuwa haba, na kufikia Februari maji ya mfongo yalipungua yakawa kamba nyembamba. Asiyejua mfongo ni nini, ni mfereji wa kuchimbwa unaotoa maji ya mto kule juu na kuyapitisha kwenye vihamba, nyumba hadi nyumba, kwa zamu. Zamu ni kitu kizito. Yetu ilikuwa Jumanne usiku. Jumanne moja Bibi alitoka na jembe kufungulia maji, akakuta mfereji mkavu. Alipopanda kuufuata akakuta jirani yetu wa juu ameziba kwa magome ya mgomba na udongo, maji yote yameingia kwake.

Bibi hakusema kitu usiku ule. Alisema sokoni siku iliyofuata, mbele ya wanawake wenye ndizi zao, jirani huyo akiwemo, na alisema vibaya. Nilikuwa nimebeba kikapu nyuma yake. Alimtaja mama yake jirani, aliyekwisha kufa, akataja na jambo la ndoa ya jirani mwenyewe ambalo kijiji kizima kililijua na hakuna aliyewahi kulitamka hadharani. Yule jirani alikunja kanga yake, akainua mkungu wake, akaondoka. Nilimwona mgongo tu.

Asubuhi yake Bibi alisali kama kawaida. Zaburi, watoto saba, wakwe, wajukuu. Nilikuwa nahesabu, kama nilivyozoea, na kwa hiyo nilijua jina lililokosekana. Jirani wa juu alikuwa katika orodha tangu nianze kusikia. Kwa siku tisa hakutajwa. Bibi alifika mahali pake, akasita, akaruka. Kule kusita nilikusikia hata nikiwa nimefumba macho.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, mwaka wa kwanza wa kipaimara. Kila Jumamosi tulikaa kwenye mabenchi ya kanisani tukimsomea mwinjilisti katekisimo bila kutazama kitabu: amri, kisha maana yake. Jioni nilijifunzia kwa Bibi huku akimenya ndizi, mikono yake imepakwa mafuta utomvu usigande. Jioni ya Ijumaa nilikuwa kwenye amri ya nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Maelezo yake hayaishii kwenye uongo. Yanataka pia umtetee jirani, umseme vema, na mambo yake yote uyachukue kwa upande ulio mwema. Nilikariri haraka ili nimalize.

"Rudia hapo," Bibi akasema.

Nikarudia. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya ndizi. Akaniambia nirudie tena, taratibu, na safari hii alinifuatisha kwa midomo. Halafu akaendelea kumenya, na kibatari kikazimwa bila sura kusomwa. Hiyo haikuwahi kutokea.

Alfajiri alifika mahali pa lile jina, akasita kama siku zote tisa. Kisha akalitaja. Sauti ilitoka imekwaruza, kama mtu aliyemeza moshi, na baada ya jina hakukuwa na pumzi moja bali kimya kirefu hata nikadhani amesinzia. Nikainua kichwa. Kaa lilikuwa limeshika, na katika wekundu wake nikamwona Bibi analia bila sauti, kijiti bado kiko mkononi.

Kulipokucha hatukwenda kwenye majani. Alikwenda mpakani mwa kihamba, akachuma jani la isale. Kwetu isale hupandwa mpakani na makaburini, na ukimkosea mtu ukamletea jani hilo, ni vigumu sana kwake kukukatalia msamaha. Ni desturi iliyotangulia kanisa, na Bibi hakuona ugomvi wowote kati ya jani lile na Meza ya Bwana ya kesho yake. Mimi ndiye niliyeona ugomvi.

"Bibi, si yeye ndiye aliyeiba maji?"

"Maji aliiba yeye. Maneno niliyatoa mimi."

Tulipanda kwa ukingo wa mfongo. Jirani alikuwa anafagia uani, akatuona, akaendelea kufagia hadi tulipomkaribia kabisa. Bibi akalinyoosha jani kwa mikono miwili, akiwa ameinama kidogo, yeye mkubwa kwa mdogo. Yule mwanamke alilitazama muda mrefu. Alipolipokea hakusema chochote, akaingia ndani, akatoka na maziwa ndani ya kibuyu. Tukanywa tumesimama. Habari ya maji haikutajwa siku hiyo, na Jumanne mbili zilizofuata bado yalikuja machache.

Nimeishi Dar es Salaam miaka mingi sasa. Nimehudhuria mikesha na semina, na sizibezi, zimenisaidia. Lakini huwa nasikia ikihubiriwa kwamba sala ya mazoea ni sala iliyokufa, na hapo moyo wangu hukataa. Kama Bibi asingekuwa na mazoea, kusingekuwa na mahali pa kusita. Angeweza kumsahau yule mwanamke kwa raha zake. Ile orodha ndiyo iliyomkamata, kwa kuwa kila alfajiri ilimfikisha mlango uleule.

Kwangu umeme upo, lakini naamka saa kumi na nusu na sisogelei swichi. Nakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko la gesi. Zaburi, kisha majina. Bibi yumo bado. Mahali pake ni baada ya mwanangu wa mwisho. Tangu mwezi uliopita kuna jina moja la mtu wa kazini, aliyenisingizia jambo zito mbele ya wakubwa zangu. Leo nimelifikia, nikasita. Nje daladala ya kwanza ilikuwa inaita abiria, na mimi nilikuwa bado nimekaa palepale.