Herufi Nono za Buleusa

Siku ya soko, kijiji cha Buleusa kilijaa watu waliotoka Ikobo na wengine waliokuja kwa njia ya Miriki, mizigo migongoni. Juu ya vichwa vyao, kwenye mbao za maduka, zilisimama herufi nono: matumbo yamejaa, ncha zimeishia kwa vijiguu vya mviringo, O imelala kidogo kwa nyuma. CHUMVI. SABUNI. MAFUTA. Kwa maneno hayo nilijua kusoma kabla ya kukalia dawati.

Aliyeziandika alikuwa baba mmoja mtulivu, fundi rangi, aliyenakili kutoka jalada la santuri lililochakaa. Nilimshikia kopo. Siku moja nikamwuliza, "Papa, mbona huandiki nyembamba, rangi itoshe?"

"Mtoto wangu, mbao hii imepasuliwa kwa msumeno wa mkono. Ukiweka herufi nyembamba, kila kovu la mbao litaonekana. Hii nene inalifunika."

Baadaye, katika nyumba moja ya uchapaji mjini Goma, nilikutana nazo kwenye kompyuta, zikiitwa Cooper Black. Oswald Cooper wa Chicago alizichora, na kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler kikazitoa mwaka 1922. Nilifurahi sana kujua kwamba Cooper naye aliishi kwa kuandika herufi za matangazo kwa mkono. Ndiyo maana zile kingo laini zinamvumilia mchoraji: brashi ikitikisika au wino ukisambaa, umbo halivunjiki. Miaka ya 1960 na 1970 zilienea upya duniani, hata kwenye jalada la santuri ya Pet Sounds ya kundi la Beach Boys, mwaka 1966. Pale Buleusa zilipambana na mvua, moshi wa kuni na tope jekundu, na bado ulizisoma ukiwa ng'ambo ya soko.

Lakini yule fundi hakuziweka kila mahali, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Tangazo refu la chanjo aliliandika kwa herufi za kawaida zilizonyooka, kwa kuwa mistari mingi minene hubanana, jicho likachoka. Kwenye misalaba ya makaburi alitumia brashi ndogo kabisa. Msalaba hautangazi kitu, alisema. Ujuzi huo wa kuipa kila kazi herufi yake hakuupata shuleni. Aliupata kwa kutazama watu wakisoma.

Siku hizi mabango ya plastiki huchapwa mjini, herufi nyembamba zimewekewa vivuli na rangi tatu, na mtu aliye juu ya pikipiki hupita bila kujua kinachouzwa. Ningekuwa na duka Buleusa, ningemtafuta yule baba na kumlipa kama alivyotoza, kwa kila herufi, O na M kwa bei ya juu kwa sababu zinakula rangi.